Siyu Ina Watu Wangapi?



 

 Juma lililopita mzazi mmoja alitusimamisha mlangoni mwa msikiti baada ya Sala ya Alasiri. Mwanawe alikuwa amepewa kazi shuleni: aandike jina la mji wa asili yao, idadi ya watu wake, na historia yake kwa ufupi. Mji wao ni Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mzazi huyu amezaliwa Mombasa. Aliyetoka Siyu ni marehemu babake, ambaye alikuja mjini akiwa kijana kutafuta riziki. Akatwambia kwa haya: "Sheikh, mtoto aliniuliza Siyu ina watu wangapi. Nikamjibu ni wengi. Akaniuliza wengi ni wangapi, nikanyamaza."

Tulimwahidi kwamba tutamjibu hapa, kwani tunaamini si yeye peke yake aliyenyamaza. Wangapi miongoni mwetu twajiita watu wa Siyu, watu wa Faza, watu wa Vanga au wa Takaungu, ilhali tukiulizwa maswali matatu juu ya miji hiyo hatuvuki swali la kwanza?

Kwanza tuseme neno juu ya kuhesabu watu, maana kuhesabu kuko kwa namna mbili. Namna ya kwanza imelaumiwa. Baadhi ya wafasiri wamepokea kuwa Suratut-Takathur iliteremka kwa sababu ya koo mbili za Kikureishi, Bani Abdi Manaf na Bani Sahm, walioshindana kwa wingi wa watu. Walihesabu walio hai, na upande ulioshindwa ukasema: basi twendeni makaburini tukahesabu na wafu wetu. Wakaenda wakahesabu makaburi. Hiyo ndiyo hesabu ya kujifaharisha, na mwenye kuifanya hapati kitu ila kupoteza umri.

Namna ya pili ni ya haja, na hiyo ina asili katika mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Hudhayfa bin Al-Yaman (R.A.) kwamba Mtume aliamrisha aandikiwe watu waliotamka Uislamu, na wakaandikwa wanaume 1,500. Hebu tuzingatie jambo moja hapo. Hakuamrisha kukisia, aliamrisha kuandika. Ummah ulikuwa mchanga, una maadui, na kiongozi alihitaji kujua ana nani na nani. Kwa hivyo tutakapoulizwa watu wa Siyu ni wangapi, tujiulize na sisi: twahesabu ili tujisifu, au twahesabu ili tujue tuna nani?

Sasa twende Siyu. Msafiri hutoka Amu kwa mashua, akapita mkondo wa Mkanda ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara, kisha akakabili kisiwa cha Pate. Mji wa Siyu uko baina ya mji wa Pate na mji wa Faza, kwenye kichwa cha hori jembamba lililozungukwa na mikoko. Maji yakijaa chombo huingia. Yakitoka, hori huwa tope, na msafiri hana budi kungoja au kushukia kwengine akamalizia njia kwa nchi kavu. Kando ya hori imesimama ngome ya mawe ya karne ya 19, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanaihifadhi. Nyuma yake ndio mji: nyumba za mawe, nyumba za makuti, punda vichochoroni, visima, misikiti, na magofu yaliyofunikwa na miti. Anayepita magofuni huona dhahiri kwamba mji huu ulikuwa mpana kuliko ulivyo leo.

Asili ya mji ni ya kale. Mwendo wa miguu kutoka Siyu, kwenye ufuo wa kusini wa kisiwa, yako magofu ya Shanga. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa mambo ya kale, Mark Horton, alichimba pale, na chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za misikiti iliyoutangulia, mmoja juu ya mwengine, mpaka akafika kwenye kijumba kidogo cha ibada kilichojengwa kwa miti. Umri wake wakadiriwa kuwa wa karne ya 8. Maana yake ni kwamba Uislamu ulifika katika kisiwa kile mapema mno, na haukuja kwa jumba kubwa, ulikuja kwa kibanda cha miti. Shanga ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Wapo watu wa Siyu ambao hadi leo huitwa Washanga, na mapokeo yao ni kuwa wazee wao walitoka huko.

Mwaka 1606 kasisi wa Kireno, Gaspar de São Bernardino, alipita katika kisiwa hicho akaandika kuwa Siyu ndio mji mkubwa kuliko yote kisiwani. Basi kumbe Siyu ilikuwa mji mkubwa tangu miaka mia nne iliyopita, na Pate yenyewe, iliyokuwa na masultani, haikuishinda kwa ukubwa.

Watu wake walitoka pande nyingi. Wapo Wasiyu wenyewe, wapo Wafamao, wapo Washanga, na wapo walioungana nao kutoka upande wa Wasomali na wa Waarabu. Kuna mapokeo yasemayo kuwa miongoni mwa wazee wa Wafamao walikuwamo mabaharia waliovunjikiwa na chombo, na wengine huwataja Wachina. Habari hiyo ilivuma sana mwaka 2005, msichana wa Siyu alipopewa nafasi ya kwenda kusoma Uchina. Sisi hatuna la kuongeza hapo ila kukumbusha mafunzo ya Suratul-Hujurat: mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na mbora mbele ya Allah ni mwenye kumcha. Mji wa bandari hauulizi mtu ametoka wapi. Humuuliza ana kazi gani mkononi.

Na watu wa Siyu kazi walikuwa nayo. Katika karne ya 18 na ya 19 mji huu ulijulikana pwani nzima kwa ufundi na elimu. Walikuwako washonaji wa makubadhi na mikanda ya ngozi, wafua vyuma wa panga na majambia, masonara, maseremala wa milango na viti, na wafumaji. Juu ya hayo walikuwako wanavyuoni na waandishi wa misahafu. Kabla ya misahafu ya chapa kuenea, Mwislamu wa pwani aliyetaka msahafu alihitaji mtu wa kumwandikia kwa mkono, herufi kwa herufi, kwa wino wa rangi na mapambo pambizoni. Na Siyu ilikuwa miongoni mwa miji michache iliyofanya kazi hiyo kwa wingi na kwa ubora. Baadhi ya misahafu hiyo ingaliko hadi leo, na wataalamu huisafiria kuisoma. Karatasi zililetwa na vyombo kutoka ng'ambo. Lililokuwa la Siyu lilikuwa ni mkono na elimu.

Wakati huo Siyu ilikuwa na watu wangapi? Wasimulizi hutaja 30,000. Tunawaomba ndugu zetu wa Siyu watuwie radhi, lakini hesabu hiyo haikutoka kwenye daftari lolote. Sensa ya kwanza iliyohesabu wenyeji wote wa Kenya ni ya mwaka 1948. Yote yaliyotajwa kabla ya hapo ni makadirio ya wapita njia na masimulizi ya wazee. Tuilinganishe na hali ya leo. Katika sensa ya 2019, Lamu Mashariki yote, yaani Siyu, Pate, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, hadi Kiunga kwenye mpaka wa Somalia, ilihesabiwa watu 22,258. Kwa hivyo tukishika masimulizi, mji mmoja wa zamani uliishinda Lamu Mashariki yote ya leo. Huenda ulikuwa mkubwa sana, na magofu yanashuhudia ukubwa. Lakini tukisimama kwenye 30,000 tukatamba, tutakuwa tumefanya walivyofanya wale Makureishi: tumekwenda makaburini kuhesabu.

Lenye manufaa zaidi ni kujua kwa nini mji ulipungua.

Sababu ya kwanza ni vita. Katika miaka ya 1840 Siyu, chini ya Bwana Mataka, ilikataa kuwa chini ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Majeshi yaliletwa kwa majahazi, yakashindwa, na amiri wa jeshi akauawa. Ni miji michache ya pwani hii iliyoweza kumrudisha Sayyid Said. Lakini ushindi wa vita haujazi ghala. Baada ya Bwana Mataka kufariki, mwanawe Mohamed aliendelea kupinga, na mwaka 1863 Siyu ikaanguka mikononi mwa Sayyid Majid. Mohamed alishikwa, akafia kifungoni Mombasa.

Sababu ya pili ni ya biashara na mashamba, na hapa yatupasa kusema kweli hata ikituuma. Mashamba ya miji yetu mingi yalilimwa na watumwa. Utajiri uliotuachia milango ya nakshi na majumba ya mawe ulibebwa na mabega ya watu ambao majina yao hayamo katika silsila za nasaba zetu. Utumwa ulipofutwa kisheria katika nchi hii mwaka 1907, mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kudhoofika, na biashara imehamia Mombasa penye reli na meli kubwa. Miji iliyokuwa imesimama juu ya kazi isiyolipwa haikujua kusimama kwa namna nyengine.

Sababu ya tatu ni safari. Msahafu wa chapa ulipofika kwa bei rahisi, mwandishi wa Siyu alipungukiwa na kazi. Kiatu cha kiwandani kilipofika, mshona makubadhi akafuata. Mwenye mkono wa ufundi akaenda Amu, Malindi, Mombasa, na wengine wakavuka kwenda Ghuba. Walikwenda kutafuta halali, wala hatuwalaumu. Lakini aliyekwenda mwaka mmoja alikaa kumi, akaoa huko, na watoto wakazaliwa huko, mpaka tukampata huyu mzazi wetu wa mlangoni mwa msikiti.

Hapa ndipo hesabu ya serikali inapotugusa. Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuhesabiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, mtu wa Siyu aliyelala Majengo alihesabiwa kuwa wa Mombasa. Hilo si kosa, ndiyo kanuni. Kaunti ya Lamu yote ilipata watu 143,920, ikawa ndiyo kaunti yenye watu wachache kuliko zote 47. Na katika mgao wa fedha za kaunti, idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vikubwa. Basi anayehama huchukua pamoja naye sehemu ya zahanati, sehemu ya mwalimu, na sehemu ya barabara. Anayebaki hubaki na kidogo, na kwa kuwa ni kidogo naye huhama. Ndivyo miji midogo inavyopungua, si Siyu tu.

Je, twamwambia kila mtu arudi? La. Hatuwezi kumwambia mtu aache riziki yake, na sisi wenyewe twaandika makala haya tukiwa mjini. Lakini liko jambo ambalo aliye mbali aweza kulifanya, na tutalieleza kwa kisa chetu wenyewe, nacho si cha kujisifu.

Katika kasha la marehemu bibi yetu mzaa mama ulikuwamo msahafu wa mkono. Jalada lake la ngozi lilikuwa limeraruka, na mchwa wamekula pembe. Bibi alikuwa akisema tu kwamba ulitoka "huko juu", kwa maana ya visiwani. Alipofariki, sisi tulikuwa vijana tumetoka chuoni karibuni, tuna elimu changa na haraka nyingi. Tukaangalia msahafu uliochakaa, tukakumbuka mafunzo ya wanavyuoni kuwa msahafu usiosomeka usitupwe, na kwamba wafaa kuzikwa mahali pasafi. Tukauzika. Kwa upande wa sharia tulidhani tumetimiza adabu, na hakuna aliyetupinga.

Miaka mingi baadaye mpwa wetu alikwenda afisini kuomba kitambulisho. Akatakiwa alete ushahidi wa mahali alipozaliwa babu wa mamake. Alikwenda na kurudi miezi. Siku moja shangazi mmoja mkongwe akauliza: "Kwani ule msahafu uko wapi? Si majina yote yalikuwamo karatasi za mwanzo?" Ndipo tukajua. Kabla ya Suratul-Fatiha, wazee walikuwa wameandika kwa herufi za Kiarabu kila aliyezaliwa na kila aliyefariki katika nyumba ile, siku, mwezi na mwaka wa Hijria. Tuliizika nyumba nzima kwa mkono wetu, na hatukuwa tumenakili hata mstari mmoja. Huenda karatasi zile zisingemridhisha karani. Lakini zingeturidhisha sisi, na leo twataja majina ya wazee wetu hadi wa nne, kisha tunanyamaza kama yule mzazi.

Basi nasaha yetu ya juma hili ni fupi. Kila nyumba iwe na daftari. Si lazima liwe la thamani. Daftari la shule latosha. Andikeni jina la kila mtu mnayemjua, wa kiumeni na wa kikeni, alipozaliwa, alipozikwa, alisomea kwa nani, alikuwa na ufundi gani. Andikeni nani alijenga msikiti wa mtaa na nani alichimba kisima. Mwenye misahafu na barua za kale asizike, asiuze, wala asipeane kabla ya kupiga picha kila karatasi. Fanyeni hivyo sasa, wakati shangazi angali hai.

Na majina ya wanawake yasiachwe, kama ilivyo ada mbaya katika silsila zetu. Siyu yenyewe yatupa somo. Bwana Mataka alikuwa na ngome, mizinga na wapiganaji. Lakini katika nyumba za pwani, yule atajwaye zaidi leo ni mkewe, Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia bintiye, Mwana Hashima. Mama aliandika maneno yake yakanakiliwa, na ndiyo yaliyobaki. Mizinga imenyamaza.

Tahadhari moja. Daftari hili lisiwe la kupanga watu kwa daraja. Atakayekuta kwamba mzee wake alikuwa mtumwa, amwandike kwa heshima, na atakayekuta kwamba mzee wake alimiliki watumwa, aandike vilevile. Atakayelifanya daftari kuwa silaha ya kumtweza jirani au kukataa posa, amerudi kule kule Makureishi walikokuwa.

Ama wewe kijana wetu uliyeuliza, kazi yako ya shule waweza kuiandika hivi: Siyu ni mji mdogo katika kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki, ambako eneo zima lilihesabiwa watu 22,258 mwaka 2019. Ulikuwa mji mkubwa kuliko yote kisiwani mwaka 1606. Watu wake waliandika misahafu, walishona viatu vya ngozi, na walimshinda Sayyid Said. Wengi wao sasa wanaishi kwengine, na mimi ni mmoja wao. Kisha umwombe babako, likizo ijayo, akupeleke. Ukifika, waamkie wazee, uwaombe wakuonyeshe nyumba ya babu yako, na uende na daftari.

Twamwomba Allah awarehemu waliotutangulia, awatie baraka waliobaki katika miji yetu, na awaunganishe walio mbali na asili zao katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.